"Nikiomba naona kama naongea na mabati": jibu kwa mjane wa Ahero

*"Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi karibu na Ahero. Baba watoto alifariki Novemba 2023 baada ya kuugua figo. Tulikuwa tukimpeleka Kisumu kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, karibu mwaka mzima. Kabla moyo haujatulia, mafuriko ya 2024 yakaingia, yakafunika mpunga wote na kuku wakaenda na maji. Nilifunga, nikakesha, hata nikakopa shilingi 5,000 kwenye chama nikaenda kupanda mbegu madhabahuni, yaani kutoa sadaka ili Mungu anirudishie zaidi, kama tulivyoambiwa. Hakuna kilichobadilika, na deni bado liko. Kanisani wengine wananiambia haya ni majaribu ya kunikuza kiimani, nishukuru tu. Wengine wananong'ona kwamba kuna dhambi nyumbani kwangu. Lakini mimi sioni nikikua. Nimekauka. Nikiomba usiku naona kama naongea na mabati. Jumapili naimba kwaya kwa mdomo tu, moyo haupo. Je, imani yangu imekufa? Mungu ananiadhibu? Na kama kweli shida hukuza imani, mbona yangu inapungua?"*

Bwana asifiwe tena, dada yangu. Pole ya mume, na pole ya shamba. Nimekuwa kasisi wa wagonjwa hapa magharibi mwa Kenya kwa zaidi ya miaka 20, na lile benchi la nje ya chumba cha kusafishia damu nalijua vizuri. Mashine huchukua kama saa nne. Mgonjwa analala ndani, mke anakaa nje na kikapu chake, akihesabu nauli ya kurudi. Mara mbili kwa wiki kwa karibu mwaka mzima ni kama safari 100. Ulipomaliza safari hizo ukazika, na ulipomaliza kuzika ukahama maji. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu katika barua yako umejiuliza mambo mengi kuhusu imani, lakini hukuandika hata mara moja kwamba umechoka. Umechoka, dada yangu. Nitalirudia hilo mbele.

Kwanza nikujibu yale mawili ya mwanzo, nisikuache ukining'inia. Imani yako haijakufa. Mtu hapigi hodi kila usiku kwenye nyumba anayoamini haina mwenyewe, na wewe bado unapiga hodi, hata kama unachosikia ni mabati tu. Na hapana, sioni popote katika habari yako kwamba Mungu anakuadhibu.

Kwa hao wanaonong'ona, nitasema wazi. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza swali lilelile: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu si huyu wala si wazazi wake (Yohana 9). Wakati mwingine mnara ulianguka Siloamu ukaua watu 18, naye akawauliza watu kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Jibu lake mwenyewe lilikuwa hapana (Luka 13). Sasa tazama mambo yako. Ugonjwa wa figo mara nyingi huletwa na shinikizo la damu au kisukari kilichokaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Na maji yaliyoingia shambani kwako yalitoka milimani, Nandi na Tinderet, mvua ikaanguka kwenye miteremko iliyokatwa miti, udongo ukashuka, sakafu ya mto Nyando ikapanda, na maji yakakosa pa kupita ila kwenye mashamba ya tambarare ya Kano. Mto haukuuliza nani analala na dhambi nyumbani. Ulifunika mpunga wa mlokole na wa mlevi siku moja.

Hili la mbegu linaniuma, na nitalisema kwa uzito. Andiko linalosomwa sana siku za kupanda mbegu ni Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Lakini zaka hiyo ilikuwa ya nini? Rudi kwenye Torati iliyoiweka, Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba mjini ili waje wale: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Soma tena neno la mwisho hapo. Wewe umetajwa kwenye sheria ya zaka, dada yangu, na umetajwa upande wa wanaopokea. Mtu aliyekuacha ukope kwenye chama ili ulete madhabahuni amelishika andiko kichwa chini miguu juu. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Pesa ya mkopo ni kitu usicho nacho.

Hukutenda dhambi kwa kutoa. Ulitoa kwa moyo wa mtu anayezama na kushika chochote kinachopita, na Mungu aliuona moyo huo. Ila nakuomba usitoe tena namna hiyo. Nenda kwa mwenyekiti wa chama chako, mweleze hali ilivyo, uombe kulipa kidogokidogo kila mwezi. Wanachama wengi watakuelewa upesi kuliko unavyofikiri, kwa kuwa nao maji yaliwapitia. Usikubali pia wazo kwamba mbegu haikuota kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo. Mungu si duka la pembejeo.

Sasa swali lako la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: kama shida hukuza imani, mbona yako inapungua?

Nitakujibu kwa kitu unachokijua kuliko mimi. Mche wa mpunga ukiung'oa kitaluni na kuupandikiza, kwa siku kadhaa unageuka njano. Mtu asiyejua kilimo akipita barabarani anadhani shamba limekufa. Kumbe mizizi ya zamani imekatika, na nguvu yote ya mche inakwenda chini kutoa mizizi mipya, juu hakuna kinachoonekana. Imani nayo huwa hivyo. Kabla ya Novemba 2023 imani yako ilikuwa na mizizi mingi, na baadhi ilikuwa imeshikilia mambo mema ambayo si Mungu mwenyewe: mume mzima, mavuno, furaha ya kwaya, ule uhakika kwamba ukiomba vizuri mambo yatakwenda vizuri. Sikulaumu, sote tunaanzia hapo. Mizizi hiyo imekatika yote kwa mpigo. Unachokiita kupungua, kwa sehemu kubwa, ni rangi ya njano.

Lakini sitaki kukudanganya kwa mfano mzuri. Unajua pia kwamba mpunga, pamoja na kuwa mmea wa majini, ukifunikwa kichwa na maji juma zima na zaidi, mwingi hufa. Uliliona hilo mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia shida hukuza imani, amesema nusu ya jambo. Shida peke yake haikuzi chochote. Katika wodi moja nimeona wagonjwa wawili wa ugonjwa uleule, mmoja akawa laini na mwenye huruma, mwingine akawa na uchungu mpaka watoto wake wakaogopa kumtembelea. Nilichojifunza ni hiki: anayekua ni yule ambaye kichwa chake kilibaki juu ya maji, akapata pa kupumulia. Kazi yako sasa hivi si kukua. Kazi yako ni kuweka kichwa juu. Kukua ni kazi ya Mungu, nayo hufanyika chini ya udongo.

Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Watu hulisoma kama ngazi ambayo lazima upande haraka huku ukitabasamu. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa saburi, hipomone, limeundwa na maneno mawili: kukaa, na chini ya. Ni kubaki chini ya mzigo bila kukimbia. Halisemi lolote kuhusu kutabasamu. Mtu anaweza kubaki chini ya mzigo huku analia, huku anauliza maswali, huku ameshikwa mkono. Hata Paulo aliyeandika hayo alikiri kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Hakulificha kanisani.

Basi mtu anapumuaje? Njia ya kwanza ambayo Biblia inatupa ni maombolezo, na makanisa yetu mengi yameisahau. Tunajua kuomba na kujua kusifu, ila kulalamika mbele za Mungu tunaona ni kukosa adabu. Lakini fungua Zaburi. Karibu theluthi ya zile 150 ni malalamiko. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Huyo anayeuliza hivyo katika Zaburi ya 13 hajatoka katika imani, yumo ndani yake kabisa, ndiyo maana anathubutu. Na Zaburi ya 88 haina mwisho mwema hata kidogo. Neno lake la mwisho ni giza. Nilipokuwa kijana nilijiuliza ni nani aliyeruhusu zaburi kama hiyo ikaingia. Baadaye nilimzika binti yangu, nikaacha kuuliza. Kwa miezi mingi ile ndiyo ilikuwa sala pekee niliyoweza kuisoma bila kujiona mwongo. Wale walioikusanya Biblia walituachia maneno ya siku ambazo hatuna maneno.

Kwa hiyo usiku ukishindwa kuomba ile sala ndefu uliyozoea, usijilazimishe. Sema ukweli wako kwa sentensi fupi. Mungu, umenisahau? Mungu, nina hasira na wewe. Nimechoka. Deni litalipwaje? Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9 alisema maneno machache tu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto aliponywa siku ileile.

Njia ya pili ya kupumua ni watu. Naona kanisani kwako umepata wasemaji wengi. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema katika kitabu kizima: walipofika, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyekuwa akilalamika. Mimi nilipofiwa, mama mmoja mzee wa kanisa alikuja kwetu kila asubuhi kwa majuma mawili. Alikuwa anaosha vyombo, anachemsha chai, anakaa. Sikumbuki hata mahubiri moja ya matanga yale, lakini sauti ya vile vikombe kwenye karai ninaisikia mpaka leo.

Tafuta mtu wa namna hiyo. Mmoja anatosha, wawili ni baraka. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, ndugu walikuwa na desturi ya kukutana nyumbani na kuambiana ukweli, waliita kutembea nuruni. Wengi tunakumbuka tu upande wa kutubu dhambi. Lakini walikuwa pia wakisema, ndugu, juma hili moyo wangu umekuwa baridi, nishikeni. Na hakuna aliyeshtuka. Wakati mwingine naona tumepata vipaza sauti vikubwa tukapoteza chumba kile kidogo.

Hapo ndipo ninapotaka kukuondolea mzigo wa kwaya. Unasema unaimba kwa mdomo tu, na unajiona mnafiki. Mnafiki ni anayejifanya ili asifiwe, nawe unatamani moyo ufike mahali mdomo ulipo. Kumbuka yule mwenye kupooza katika Marko 2, aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari. Imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. Yao, wale waliombeba. Jumapili ukisimama kwenye sauti yako na wimbo ukapita midomoni tu, waache wenzako waimbe kwa imani kwa niaba yako. Ukiona kwaya inakuchosha kuliko inavyokubeba, omba ruhusa kwa mwalimu wa kwaya upumzike msimu mmoja, ukae kwenye viti na watoto. Hakuna dhambi hapo.

Je, uhame kanisa? Hukuuliza, lakini najua wazo hilo huja. Nikupe pande zote mbili. Kuhama kunaweza kukuokoa na minong'ono, na kama huko mnasukumwa kila juma kutoa pesa msizo nazo, mimi singekulaumu hata kidogo. Ila mjane anayehama hupoteza pia wale wachache waliomjua mumewe, wanaojua watoto wake kwa majina, na kuanza upya ukiwa umechoka ni kazi nzito. Ningependa kabla ya kuamua ukutane na mchungaji wako ana kwa ana, si baada ya ibada watu wakiwa mlangoni. Nenda na mama unayemwamini. Mwambie mambo matatu: kwamba kuna watu wanasema una dhambi, kwamba ulikopa ili utoe, na kwamba unahitaji msaada. Kanisa la kwanza lilichagua watu saba kwa sababu tu wajane walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku (Matendo 6). Kumkumbusha mchungaji jambo hilo si kuomba omba. Akikusikiliza, kaa. Akikukemea kwa kukosa imani, utakuwa umepata jibu kuhusu kuhama.

Nilisema nitarudia uchovu. Eliya, nabii aliyeita moto kutoka mbinguni, siku chache baadaye alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili: inuka, ule, maana safari ni kubwa. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya usingizi na chakula (1 Wafalme 19). Wewe umekuwa ukifunga na kukesha juu ya mwili uliokwisha. Kama mchungaji, nakusihi usifunge wala usikeshe kwa sasa. Kula ugali wako na samaki au omena ukiwa umekaa, usile umesimama ukiwapakulia watoto. Lala mapema. Huo nao ni utii.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafikia, na hapo usisubiri. Kama kwa zaidi ya majuma mawili hulali, au huwezi kula, au huwezi kuamka kuwaandaa watoto shule, nenda hospitali ya Ahero ueleze hivyohivyo, au Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia. Omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Huzuni ya msiba ikikaa muda mrefu inaweza kugeuka ugonjwa, na ugonjwa huo una matibabu kama ulivyo na matibabu ugonjwa wa figo. Kumeza dawa hakupunguzi imani. Na kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa, au ya kumfuata baba watoto, usibaki nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe jirani. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, useme unachofikiri. Mchungaji anayekuambia hayo ni mapepo ya kukemewa tu, mpite, uende hospitali kwanza. Maombi yatakufuata huko huko wodini, nimeyafanya mara nyingi.

Hutaona lini hasa kijani kinarudi. Mara nyingi anayekiona kwanza ni mtu mwingine. Siku moja mwenzako atafiwa, nawe utaingia jikoni mwake bila kuitwa, na hutakuwa na neno la kumwambia, utaosha vyombo. Mimi naita huko kukua, hata kama siku hiyo pia hujisikii lolote rohoni.

Kwa leo nakupa kitu kimoja kidogo. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Isome kila usiku kabla ya kulala, kwa sauti, watoto wakisikia ni sawa. Mistari miwili ya kwanza ni swali la hata lini. Weka jina la baba watoto hapo, weka shamba, weka zile 5,000. Wa tatu na wa nne ni kuomba. Ukifika wa tano, "Nami nimezitumainia fadhili zako," huenda koo likaziba. Likiziba, funga kitabu ulale. Kesho utaanza tena mstari wa kwanza.